Nguo ya Kuogelea ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu ninamjua kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka ukosi wa gauni, kisha ninamjua tena kuanzia vifundo vya miguu mpaka viatu. Hapo katikati sijawahi kupaona. Tangu nimwoe binti yake, kila tunapokutana macho yangu huenda ukutani, dirishani, kwa kuku wanaopita uani, popote pale ila kwake. Sisi tuliotoka Magharibi mwa Kenya kuja kutafuta riziki Eldoret tuliacha mambo mengi kule nyumbani, lakini hili la mkwe na mama mkwe kuogopana tulikuja nalo zima zima. Hatupeani mkono. Hatuketi kochi moja. Akiingia sebuleni, mimi hukumbuka ghafla kwamba kuna kitu nimesahau nje.

Kwa hiyo unaweza kufikiria hali yangu siku mke wangu aliponiandikia kutoka Uingereza kuniuliza kama mwili wa mama yake ni wa tufaha au wa peasi.

Mama alikuwa ameteleza kwenye tope la zizi akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji hapa mjini, na alipotoka hospitalini hangeweza kulala kwangu, maana zile shughuli za kimila za kumruhusu mama mkwe alale kwa mkwe wake sijawahi kuzikamilisha. Akapelekwa Kapseret kwa mdogo wake, mjane anayefuga ng'ombe wa maziwa. Huyo mama mdogo naye, kwa hesabu ya mila, ni mama mkwe vile vile. Nikawa na mama wakwe wawili chini ya paa moja, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumtazama usoni.

Kidonda kilipona, lakini mguu ulikataa. Mama alipojaribu kuukanyagia alilia kwa uchungu, na baadaye akaacha kujaribu kabisa. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, msichana mpole asiyependa kuzungushazungusha maneno, alisema wazi kwamba akiendelea kukaa hivyo nyonga itakakamaa, na kiti cha magurudumu kitakuwa chake maisha yote. Njia iliyobaki ilikuwa kutembea ndani ya maji, ambako mwili huwa mwepesi na mguu haulemewi. Upande wa kwenda uwanja wa ndege kuna hoteli yenye bwawa, na msichana huyo huwapeleka wagonjwa wake huko asubuhi kabla wageni hawajatoka vyumbani.

Mama mkwe alisikiliza yote, kisha akatoa sharti. Ataingia majini, lakini hatavaa kama wale wasichana wa kwenye kalenda. Atafutiwe nguo inayomfaa mwanamke wa mwili wake na umri wake, inayomsitiri pale panapostahili kusitiriwa. Akiaibika mara moja tu, asitafutwe tena. Tulimjua. Yeye akisema kitu, kimesemwa.

Nani wa kuitafuta hiyo nguo? Mama mdogo alikuwa ameziona kwenye televisheni tu, na alikataa katakata kwenda kuziulizia sokoni. Watoto wetu wako shule za bweni. Mke wangu aliomba likizo akanyimwa. Anatunza wazee huko, anawaogesha na kuwavisha mama za watu wengine.

"Wewe ndio mikono yangu huko," aliniambia kwenye simu ya video. "Mama akikaa kwa hicho kiti, mimi nitajua ni kwa sababu sikuwa hapo."

Alikuwa ameishika simu karibu kabisa na uso, kama kawaida yake siku hizi, mpaka ninamwona macho na pua tu. Kisha akanitumia maelezo aliyoyapata mtandaoni. Mwenye umbo la tufaha, yaani tumbo kubwa na miguu myembamba, avae nguo yenye makunyanzi mbele. Mwenye umbo la peasi, yaani mwembamba juu na mpana chini, avae yenye sketi. Kulikuwa pia na namba nane, na mwenye umbo la sanduku, na kila mmoja na dawa yake. Niliyasoma dukani nikiwa nimejificha nyuma ya magunia ya mbolea, maana mimi ni karani wa duka la pembejeo na wateja wangu si watu wa kuelezwa mambo kama hayo.

"Sasa Mama ni gani hapo?" aliniuliza.

"Unaniuliza mimi?"

"Si wewe ndio uko naye?"

"Mimi niko na viatu vyake," nikamwambia. "Sema wewe, wewe ni mtoto wake."

"Mimi nimetoka huko mwaka wa tatu sasa. Na amegonjeka. Mtu hubadilika, baba."

Tukakubaliana kwamba mama mdogo achukue vipimo. Jumamosi nikaendesha gari mpaka Kapseret. Nilimkuta anakamua, na aliponiona alisimama, akajifuta mikono, akageukia ng'ombe, akanipa kwa mkono wa nyuma kitu kilichofungwa kwa gazeti. Ndani kulikuwa na kipande cha ile kamba ya kufungia marobota ya nyasi, chenye mafundo matatu.

"Ni hiyo," alimwambia ng'ombe.

"Asante, Mama," nikaliambia zizi.

Nilikuwa nimefika karibu na lango nilipoona tatizo. Mafundo yote yalipimwa kutoka ncha moja: kipimo kidogo, cha katikati, kikubwa. Moja lilikuwa la kifua, moja la kiuno, moja la nyonga. Lakini lipi ni la nini? Mama mdogo hangeweza kunitajia. Hakuna mama mkwe anayeweza kutamka neno kifua mbele ya mkwe wake, sembuse hayo mengine. Nami singeweza kuuliza. Nilisimama pale na kamba mkononi, kisha nikaikunja nikaitia mfukoni, nikaenda sokoni nayo hivyo hivyo.

Kibanda cha nguo za kuogelea kiko ndani kabisa ya soko la mitumba, baada ya sidiria na nguo za kulalia. Nilipita mbele yake mara kadhaa nikijifanya naelekea kwenye viatu. Mwenye kibanda, mwanamke mnene mwenye tepu ya kushonea shingoni, ndiye aliyenionea huruma.

"Kastoma, kuja tu. Unatafutia bibi?"

"Mama mkwe."

"Ati nani?"

Nikarudia. Jirani yake aliacha kuuza soksi akasogea kusikiliza. Nilieleza habari za nyonga, za maji, za kiti cha magurudumu, nikieleza haraka haraka kama mtu aliyeshikwa na polisi. Mwanamke yule aliacha kucheka. Alishusha nguo mbili, zote saizi ya mtu mzima, akaziweka juu ya rundo.

"Sikia. Kama ako na hips, achukue hii ya sketi. Inafunika mapaja, hapa kwa kiuno inamshika vizuri, anakaa mtu. Lakini kama ni tumbo, hii haitapanda. Ataivuta ikwame hapa katikati. Wa tumbo nampea hii ingine imekunjwa mbele, tumbo inapotea. Sasa wako ako aje?"

Nikatoa kamba. Aliinyoosha juu ya tepu yake, akaipima, akaguna.

"Hii kubwa ni ya hips ama ni ya tumbo? Wamama wa umri huo, inaweza kuwa tumbo."

"Sijui."

"Piga simu uulize."

"Siwezi."

Alinitazama. "Wewe ni mtu wa Western."

"Ndio."

"Pole. Basi beba zote mbili."

Hilo nilikuwa nimeliwaza. Lakini kupeleka mbili ni sawa na kumwambia Mama kwamba nimekaa sokoni na watu tukiujadili mwili wake, na tukashindwa kuafikiana. Halafu je, aanze na ile isiyo yake, imkwamie mapajani mbele ya yule msichana? Angeomba gauni lake na kurudi Kapseret, na huo ungekuwa mwisho wa maji na mwisho wa kutembea. Jasho lilinitoka, na Eldoret asubuhi ile kulikuwa na baridi ya kuvaa koti.

Hapo hapo akapita mzee mmoja, mteja wetu wa mbolea. Alisimama, akaitazama nguo yenye sketi, akanitazama mimi.

"Karani! Unaenda kuogelea?"

"Ni ya mgonjwa, Mzee."

"Mungu amponye," akasema kwa mashaka, akaenda zake.

Mwenye kibanda alikuwa bado anafikiri. "Huyo mama anafanana na bibi yako?"

"Watu husema ukiwaona kwa nyuma huwezi kujua ni nani."

"Basi si tumalize? Bibi yako ako aje?"

Nilifungua kinywa kujibu, nikakuta hakuna kitu. Hofu iliyonishika haikuwa ile ya soko tena. Nilimkumbuka uso, nilimkumbuka sauti, nilikumbuka hata anavyokohoa kabla ya kusema jambo zito. Lakini mwili wa mke wangu, niliolala kando yake miaka yote hiyo, niliutafuta kichwani nikaona pua na macho ya kwenye simu. Nilijiuliza kama nimemsahau. Nilijiuliza mtu anaanzaje kumsahau mkewe, na kama huanzia hapo.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilifumba macho nikainua mikono, nikaizungusha mbele yangu jinsi nilivyomshika siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, watu wakitupita na masanduku. Kichwa kilikuwa kimesahau lakini mikono ilikwenda yenyewe. Kiunoni, kiganja changu cha kulia kilishika kifundo cha mkono wa kushoto. Nikaishusha mikono chini kidogo, kiganja kikaachia kifundo, vidole vikabaki vinagusana kwa ncha tu.

"Kaa hivyo hivyo, usitoe," mwanamke yule alisema kwa sauti ndogo. Nikasikia tepu ikipita ndani ya mikono yangu, juu, kisha chini. Hakuna aliyecheka, hata yule wa soksi.

"Mikono yako na kamba zinasema kitu moja," akasema. "Mama amemzidi kidogo tu, ni umri. Ndogo ni kiuno. Kubwa ni hips. Chukua ya sketi."

Nikaichukua. Ilikuwa ya buluu nzito kama sweta ya shule, yenye mikanda mipana mabegani na sketi ya kufika katikati ya paja. Nilitoka sokoni nikiwa nimefurahi kidogo, furaha iliyodumu mpaka kwenye mzunguko wa barabara. Hapo nikapambazukiwa na jambo jingine. Isipomtosha, hatatembea. Lakini ikimtosha sawasawa, atauliza nilijuaje. Mama mdogo anajua hakunitajia fundo lolote. Mkwe atawezaje kuchagua nguo ya kumkaa mama mkwe barabara, kama si mtu aliyekuwa akimwangalia kwa pembe ya jicho miaka yote hii? Nilijikuta naomba Mungu nguo imtoshe, lakini isimtoshe sana.

Jumatatu niliwachukua mama wakwe wote wawili alfajiri. Gari langu lina desturi yake: wao wakipanda, nakigeuza juu kioo cha kati, kile cha kutazamia nyuma, ili macho yetu yasikutane. Hotelini nilimpeleka Mama kwa kiti cha magurudumu mpaka kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia, nikisukuma huku nimetazama mawingu, kisha nikarudi garini na kuliegesha likielekea ukuta. Nilizima redio ili nisikie.

Mwanzoni sikusikia chochote. Nilifikiria mkanda uliokatika, nilifikiria sketi inayojaa hewa na kupanda juu mpaka kifuani, nilifikiria mtumishi wa hoteli anayepita na ndoo yake na kukodoa macho. Kisha nikasikia maji, na sauti ya yule msichana, "Mmoja. Haya, mwingine." Na baada ya kitambo kirefu nikamsikia mama mdogo akipiga vigelegele peke yake. Niliweka paji la uso kwenye usukani nikashukuru.

Ilimtosha. Sikuona, lakini niliambiwa na yule msichana kwamba alitembea kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili, na kwamba nguo ilimkaa kama iliyoshonwa kwa ajili yake. Wakati wa kupanda gari, Mama aliinua ule mguu mbovu mwenyewe akauingiza ndani. Lakini njiani hakusema neno, na kimya chake nilikisikia mgongoni.

Siku iliyofuata, asubuhi na mapema, mama mdogo alinipigia simu.

"Amekataa. Hataki kurudi kwa maji."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Anasema ile kitu imemtosha sana. Anauliza macho yako yalifika wapi."

Niliomba ruhusa kazini nikaenda Kapseret. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Mimi niliketishwa nje kwenye kigoda, na mama mdogo akasimama mlangoni kati yetu. Umbali ulikuwa wa hatua chache tu, na Mama alisikia kila nilichosema, lakini ilibidi kila neno lipite kwa mama mdogo kwanza.

"Mwambie Mama sijawahi kumwangalia."

Mama mdogo akageuka. "Anasema hajawahi."

"Muulize basi alijuaje," sauti ikatoka ndani.

"Anauliza ulijuaje."

Hapa sasa. Ningeweza kusema nilibahatisha. Lakini uongo ungesikika, na Mama angebaki kwenye kile kiti akiamini ana mkwe asiye na adabu. Nikavua kofia. Nikasema, nikiwa nimetazama ndoo ya maziwa, kwamba nilishindwa kuelewa mafundo. Kwamba mwenye kibanda aliniuliza bibi yangu yuko vipi. Kwamba sikuweza kusema, kwa hiyo nilionyesha kwa mikono jinsi ninavyomshika, na mwanamke yule akaipima mikono yangu.

Kumwambia mama mkwe kwamba unamkumbatia binti yake! Najua ana wajukuu kwangu, lakini kuna vitu vinavyojulikana na kuna vitu vinavyosemwa. Masikio yaliniwaka. Mama mdogo alifungua kinywa arudie, akashindwa, akafunika uso kwa leso yake.

Ng'ombe mmoja alikohoa. Kisha nikasikia kiti kikilia, na kitu kama mkongojo kikigonga sakafu, mara moja, halafu tena.

"Mwambie alete gari," sauti ikasema. "Maji yatajaa watu."

Nikakigeuza kioo juu kama kawaida. Alitoka akiwa amemshikilia mdogo wake upande mmoja na mkongojo upande mwingine, viatu vile vile ninavyovijua vikija kimoja kimoja kwenye changarawe, na nikavitazama mpaka vikaingia garini. Tulipofika barabara ya lami, alimwambia mama mdogo apige simu Uingereza, na aweke sauti juu.

Mke wangu alijibu akiwa na wasiwasi. "Mama? Kuna nini? Umeanguka?"

"Sijaanguka. Nimeenda kwa maji, na leo naenda tena," Mama alisema. Hakuwa akisema nami, lakini alisema kwa nguvu ili nisikie. "Hiyo nguo bwana yako aliinunua akipima wewe. Alikupima na mikono, huko sokoni, watu wakiona. Amesahau mengi huyu, hata ile ng'ombe ya mahari aliniahidi amesahau. Lakini wewe hajakusahau."

Nikamsikia Mama akiigonga simu kwa kidole.

"Unanisikia?"

"Nasikia, Mama."

"Sasa nauliza. Imenitosha mimi. Wewe je, bado uko vile alikuacha?"

Lori la mahindi lilitupita, nikangoja kelele yake iishe.

"Nimekonda, Mama," mke wangu alisema. "Nimekonda sana."

"Umekonda kiasi gani?"

"Sijui." Alikohoa kile kikohozi chake. "Huku hakuna mtu wa kunipima."

Mama mdogo aliishika simu ikiwa wazi, na hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kuizima. Niliendesha polepole mpaka kwenye lango la hoteli, nikiwa nimeushika usukani kwa mikono yote miwili. Ulikuwa mduara mdogo sana, mdogo kuliko ule niliouonyesha sokoni, na niliogopa.